Tofaa halivutwi

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikaitungia maswali ya mtihani na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo, nakiri mbele yako, msomaji mpenzi, kwamba maana yake sikuijua barabara hadi siku nilipompeleka binti yangu wa miaka mitano kuchuma matofaa.

Safari yenyewe ilitokana na ugomvi. Mwalimu wake wa chekechea alikuwa ameniarifu kwamba mtoto huyu hajaweza kusoma silabi ambazo wenzake wanazisoma bila taabu. Kwa mtu anayekula jasho la chaki, hiyo ni aibu isiyomithilika. Jioni ile nilimketisha mezani, nikafungua kitabu penye picha ya tofaa jekundu, nikamwamuru asome: to-fa-a. Akanyamaza. Nikapaza sauti. Akalia. Tangu siku hiyo, kila aliponiona na kitabu mkononi alijificha nyuma ya mamake.

Ni mamake aliyeniuliza swali lililonichoma: "Kwani huyu mtoto amewahi kuuona mtofaa?" Hakuwa amewahi. Wala mimi sikuwa nimewahi. Matofaa tuliyoyajua ni yale yaliyotoka Afrika Kusini, yaliyopangwa yakimetameta katika vibanda vya mjini.

Basi Jumamosi moja tukaabiri matatu hadi shamba moja katika nyanda za juu za Nyeri. Mwenye shamba, mzee wa mvi tele, alitupokea kwa bashasha. Binti yangu akamwita Guka, naye akampa kikapu kidogo.

Mzee alitueleza mengi. Mtofaa, ambao asili yake ni milima ya Asia ya Kati, umezoea majira ya baridi kali. Huko hupukutisha majani, ukalala, kisha ukaamka na kuchanua. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Kwa hivyo, wakulima hupanda aina zisizohitaji baridi nyingi, kama vile Anna, kisha huyapurura majani kwa mkono ili mti uchanue. Aidha, hupanda aina mbili karibu karibu, kwa kuwa mitofaa mingi haizai vyema pasipo chavua ya aina nyingine, ambayo huletwa na nyuki.

Binti yangu hakungoja hotuba iishe. Alilirukia tofaa la kijani, akalivuta kwa mikono miwili hadi likang'oka pamoja na kijitawi kilicholishika. Nikamkaripia mbele ya watu. Mzee akaniinulia mkono.

"Taratibu, Mwalimu," akasema. Kisha akachutama hadi kimo cha mtoto. "Mjukuu wangu, kijitawi hiki ndicho ambacho kingezaa tena msimu ujao. Tofaa halivutwi. Liweke kiganjani, liinue, lizungushe kidogo. Likiwa tayari litakuja lenyewe. Likikataa, liache, urudi siku nyingine."

Mtoto akajaribu. La kwanza likakataa, akaliacha. La pili likakataa. La tatu likatua kiganjani na kikonyo chake. Akawa anatoka mti hadi mti akiyapima moja moja huku akinong'ona: "Wewe bado. Wewe bado. Wewe njoo."

Nami nilisimama nyuma yake nimeshika kikapu, nikikikumbuka kitabu kile mezani.

Walimu wenzangu, sisemi tuwaache watoto wajiotee kama magugu. Mzee yule hakukaa kitako kungoja matunda. Alipogoa, alipurura majani, alimwagilia maji, na kila asubuhi alipita akikagua. Subira yake ilikuwa kazi. Jambo moja tu hakulifanya: hakulilazimisha tunda liive siku moja na jirani yake. Matofaa ya mti mmoja hayaivi yote kwa siku moja, na hakuna mkulima anayeliita tofaa la Jumanne zembe kwa kuwa halikuiva Jumatatu.

Mtaala wa umilisi unatutaka tumfunze mtoto kwa kushika na kutenda. Si kila shule iliyo jirani na mitofaa, lakini ni nadra kukosa mti wa matunda karibu, uwe mwembe, mpera au mparachichi. Nanyi wanafunzi, mkipata tofaa, likateni na kulidondoshea iodini katika maabara. Lililo bichi litageuka rangi ya samawati iliyokoza kwa sababu lina wanga mwingi. Lililoiva litabadilika kidogo tu, kwani wanga wake umekwisha kuwa sukari. Hamtahitaji kukariri maana ya kuiva.

Jioni ile sikufungua kitabu. Yeye ndiye aliyekileta, akaniketia mapajani, akaiangalia ile picha kwa makini na kusema: "Baba, hili lilichumwa vibaya. Halina kikonyo."

Kusoma bado hajasoma sawasawa. Silabi ya "to" anaijua, ya "fa" anaijua. Akiziunganisha, neno linakataa. Tumeliacha. Kesho tutarudi.