B'wana Beast: Shujaa wa katuni aliyepewa nguvu Kilimanjaro, na kiumbe wa Rungwe aliyeipita hadithi yake

Superman na Batman wanajulikana kila kona. Lakini ni wachache wanaojua kwamba DC Comics, kampuni ile ile ya Marekani inayowamiliki mashujaa hao wawili, ina shujaa mwingine aliyepata nguvu zake juu ya Mlima Kilimanjaro, tena mwenye jina la nusu Kiswahili.

Anaitwa B'wana Beast. Ndiyo, ni "bwana" yule yule wa bwana shamba na bwana mifugo, ila Wamarekani wamemwekea alama katikati ya jina. Alama hiyo ina kazi yake kwenye ng'ombe na ng'ambo. Kwenye bwana ni pambo tu.

Uwezo wake mkubwa ni kuchukua wanyama wawili tofauti na kuwafanya kiumbe kimoja. Inaonekana kama hadithi ya kuchekesha watoto, mpaka ufike Rungwe mkoani Mbeya na Kilolo mkoani Iringa. Huko kuna mnyama wa kweli ambaye wanasayansi wamemkuta na mchanganyiko wa namna hiyo kwenye damu yake.

Tuanze na shujaa.

Alianzaje?

B'wana Beast alitokea mara ya kwanza kwenye kitabu cha katuni kiitwacho Showcase, toleo namba 66, la Januari na Februari 1967. Mwandishi alikuwa Bob Haney na mchoraji Mike Sekowsky.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kijana mmoja Mmarekani mweupe, Mike Maxwell, anasafiri kwa ndege kuja Afrika pamoja na rafiki yake Mwafrika, mtoto wa chifu. Ndege inaanguka Kilimanjaro. Wanajikuta kwenye pango, na humo Maxwell anakunywa maji ya mvua yaliyochujwa na madini ya mlima. Anapata nguvu zisizo za kawaida.

Kisha anapambana na sokwe mkubwa mwekundu, jina lake Djuba. Akishamshinda, sokwe anamvika kofia ya ajabu. Kofia hiyo ndiyo inayomwezesha kuwaamuru wanyama na kuwaunganisha wawili kuwa mmoja.

Sasa, msomaji wa Tanzania haraka ataona tatizo. Djuba anachorwa kama gorila, na gorila wa porini hawapo Tanzania kabisa. Wapo Uganda, Rwanda, Kongo na nchi nyingine za katikati na magharibi mwa Afrika. Kilimanjaro kuna mbega na kima.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Rafiki Mwafrika yupo pale pale, kwenye ajali ile ile. Lakini nguvu za mlima wa Afrika zinakwenda kwa mgeni. Na mwezi Februari 1967, wakati katuni hiyo ikiwa sokoni Marekani, jirani tu na mlima huo lilikuwa linatangazwa Azimio la Arusha, lililohimiza kujitegemea.

Shujaa huyo hakudumu. Alipewa toleo la 66 na la 67, basi. Vitabu vya namna hiyo vya majaribio kwa kawaida vilipewa matoleo matatu. Mchoraji Sekowsky anatajwa kuwa aliachana na kazi hiyo kwa kuona ina ubaguzi.

Kwa nini chimbuko lake lilibadilika?

Kwenye katuni za Marekani, shujaa si mali ya mwandishi mmoja. Ni mali ya kampuni. Mwandishi mmoja akiondoka anakuja mwingine, naye ana ruhusa ya kusema "kumbe mambo hayakuwa vile mlivyoambiwa". Ndiyo maana shujaa mmoja anaweza kuwa na historia tatu au nne, kila moja ikiwa ya kizazi chake.

Kwa B'wana Beast mabadiliko yalikuja miaka zaidi ya 20 baadaye, mikononi mwa mwandishi kutoka Scotland, Grant Morrison, kwenye katuni iitwayo Animal Man.

Mwaka 1988, Morrison alimrudisha Maxwell akiwa mtu aliyechanganyikiwa, yuko Marekani anamtafuta Djuba. Sokwe huyo alikuwa amekamatwa na kupelekwa maabara, akapandikizwa kimeta kwa ajili ya majaribio. Ghafla hadithi ikawa si ya mzungu anayetawala wanyama, bali ya wanyama wanaoteswa na binadamu.

Mwaka 1989, kwenye toleo namba 13, ikaja hatua kubwa zaidi. Maxwell anaona muda wake umekwisha na anakabidhi nguvu zake kwa Dominic Mndawe, Mwafrika Kusini mweusi anayepinga utawala wa makaburu. Jina nalo likabadilishwa. "B'wana" ikaondoka, akaitwa Freedom Beast, yaani mnyama wa uhuru. Wakati huo Nelson Mandela alikuwa bado gerezani.

Kwa hiyo kilichokuwa bahati ya mgeni aliyepata ajali kikageuka kuwa amana ambayo ilikuwa imekaa mikononi mwa mtu asiye sahihi, ikarudishwa.

Haikuishia hapo. Mwaka 2009, katika hadithi nyingine ya DC, Freedom Beast akauawa. Miaka hiyo hiyo kwenye runinga, katuni ya watoto ya Batman: The Brave and the Bold ikamrudisha Maxwell wa zamani na kofia yake, na humo akafa kishujaa. Mtoto aliyeangalia runinga na kijana aliyesoma vitabu wakikaa pamoja, kila mmoja ana B'wana Beast wake.

Sasa twende Rungwe

Mwaka 2003, watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vinavyozunguka Mlima Rungwe. Wakaambiwa habari za mnyama mwenye aibu, jamii ya nyani, anayeitwa kipunji.

Mwanzoni hawakuamini sana. Wanyakyusa wana simulizi nyingi za msituni, nyingine za wanyama wa kweli na nyingine za viumbe wa kufikirika. Kipunji angeweza kuwa wa kundi la pili.

Lakini mwaka huo huo wakamwona. Ana manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, kishungi kilichosimama kichwani na mkia wenye ncha nyeupe. Mlio wake ni wa kubweka kwa sauti nzito, kama honi. Anaishi juu mitini, kwenye baridi, hadi kimo cha mita 2,450.

Mwaka 2004, bila kujua habari za Rungwe, timu nyingine iliyokuwa na Trevor Jones ikamwona mnyama yule yule kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Kilolo. Ni umbali wa takriban kilomita 350. Timu zote mbili zikatangaza kwa pamoja mwaka 2005 kwenye jarida la Science.

Chimbuko la kipunji nalo likabadilika

Hapa ndipo mnyama wa kweli anapokutana na yule wa katuni.

Mwaka 2005 kipunji aliwekwa kwenye kundi la mangabe. Baadaye mmoja akapatikana amekufa kwenye mtego shambani, karibu na Rungwe, na watafiti wakapata mwili wa kupima. Mwaka 2006 wakasema hapana, huyu si mangabe, anastahili jenasi yake peke yake. Wakaiita Rungwecebus, kutokana na mlima. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu mwaka 1923.

Mwaka 2009 vipimo vya vinasaba vikaleta jambo jingine. Sehemu ya vinasaba ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake ilionyesha kuwa kipunji wa Rungwe anafanana mno na nyani wa njano, wale wa kawaida wanaovamia mashamba. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani sana kipunji na nyani walizaliana, na alama ya bibi yule nyani imebaki hadi leo.

Je, wa Kilolo? Mwaka 2010 watafiti walipima sampuli za Ndundulu wakakuta alama ile ya Rungwe haipo. Kipunji wa Ndundulu ni ndugu wa karibu wa nyani, lakini hakubeba mchanganyiko ule. Yaani mnyama mmoja, mikoa miwili, historia mbili za familia.

Tofauti na katuni ni kwamba hapa historia haikubadilika kwa sababu mwandishi kachoka na ya zamani. Ilibadilika kila ushahidi mpya ulipopatikana.

Nani "alimgundua"?

Swali hili linahusu shujaa na mnyama kwa pamoja. Vichwa vingi vya habari duniani viliandika kwamba wanasayansi wamegundua nyani mpya. Lakini jina la kisayansi lenyewe linasema ukweli: ni kipunji, jina walilokuwa nalo wenyeji kabla mtafiti yeyote hajafika. Wanasayansi walichofanya ni kuthibitisha, kupima na kumweka kwenye kumbukumbu za dunia. Ni kazi kubwa, ila haikuanzia kwao.

Hali ikoje?

Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuta kipunji 1,117 tu. Kati yao 1,042 walikuwa Rungwe na misitu ya Livingstone, ambayo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ndundulu walikuwa 75.

Matishio yanajulikana: ukataji miti, mkaa, uwindaji, na misitu kukatika vipande hadi makundi yasiweze kukutana. Upo pia mgogoro na wakulima, maana kipunji akishuka anakula mahindi, na mkulima anatega. Mkulima naye ana watoto wa kulisha.

Ndiyo maana ukanda wa Bujingijila, unaounganisha Mlima Rungwe na misitu ya Livingstone, una umuhimu mkubwa. Miti ikisimama pale, kipunji wa upande mmoja anaweza kumfikia mwenzake wa upande wa pili bila kupita shambani kwa mtu.

DC wakimuua shujaa leo, kesho wanaweza kuajiri mwandishi mwingine akamfufua. Kipunji wa Ndundulu hawana mwandishi wa kuwarudisha.