Moyo Hupimwa Mlimani

Mkulima wa Ngara anayepandisha mkungu wa ndizi kutoka bondeni hadi nyumbani kilimani huupima moyo wake bila kujua. Akiketi barazani hana shida. Katikati ya mwinuko kifua kinambana kama kimefungwa kamba. Anasimama, anapumzika, maumivu yanaondoka. Anasema ni uzee, au vidonda vya tumbo.

Huenda tatizo liko kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Hata mtu akiwa amelala, misuli ya moyo tayari imekamua sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo katika damu inayoifikia. Kazi ikizidi, njia iliyobaki ni kuletewa damu nyingi zaidi, hata mara nne. Mshipa uliozibwa na mafuta ukabaki na upenyo mdogo humtosha mtu aliyeketi, lakini mlimani huzidiwa. Ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo, mgonjwa akiwa amelala kitandani, chaweza kutoka safi kabisa.

Basi madaktari wa moyo humletea mgonjwa mlima chumbani. Kwanza hupigwa picha ya altrasaundi akiwa ametulia. Kisha hutembea juu ya mkanda unaozunguka. Kwa utaratibu wa daktari Robert Bruce wa Seattle, kila dakika 3 mwendo na mwinuko huongezwa. Mapigo yanayolengwa ni asilimia 85 ya 220 ukitoa umri: kwa mwenye miaka 60, mapigo 136 kwa dakika. Akishuka hulazwa upesi na kupigwa picha tena ndani ya sekunde 90, maana moyo ukitulia ushahidi hupotea. Ukuta wa moyo unaopata damu hujikunja kwa nguvu zaidi. Uliopungukiwa huzubaa, na mara nyingi huzubaa kabla mgonjwa hajasikia maumivu yoyote. Asiyeweza kutembea hupewa dobutamini, dawa ya kuuharakisha moyo, kupitia mshipa.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako kipimo hiki hufanyika, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ngara na Biharamulo. Nauli ya kufika huko si ya kutupa, na daktari wa wilaya huamua nani apewe rufaa kwa kuanzia na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo ukifika hospitali, iwe Murgwanza au Biharamulo, usiishie kusema kifua kinauma. Eleza ulikuwa unapanda wapi, umebeba nini, ulisimama mara ngapi. Na maumivu hayo yakikujia ukiwa umeketi, usingoje kukuche.