Austin Gipsy: Kutu ndiyo adui wa kwanza

Wengi Afrika Mashariki wanalijua Land Rover. Wachache wanalikumbuka gari lililoshindana nalo, Austin Gipsy, lililoanza kuundwa Longbridge, Birmingham, mwaka 1958.

Bodi ya Land Rover ya wakati huo ilikuwa ya aluminiamu. Ya Gipsy ilikuwa ya chuma, nacho huliwa na kutu. Kwa hiyo anayelifufua nyumbani huchunguza fremu kwanza: injini nzima juu ya fremu iliyooza haina faida.

Baadhi huondoa springi za mpira na kuweka za vyuma vilivyopangana, ambazo kiwanda chenyewe kilikuja kuzitumia baadaye.

MG Rover, iliyorithi kiwanda hicho, ilifilisika mwaka 2005 na maelfu wakapoteza ajira. Majengo mengi yamebomolewa; magari haya ndiyo ushahidi wa kazi yao.