Nani Kagusa /etc? Kompyuta Iliyogoma Kuwaka Lushoto

Baridi la huku Lushoto mnalijua, sisemi. Leo nina darasa fupi kwa nyie mnaotumia Linux, hasa mnaoangalia kafe ya mtu kama mimi.

Juzi asubuhi umeme ulirudi baada ya kukatika usiku kucha. Nikawasha kompyuta kuu, ile yenye printa. Ikahesabu sekunde 90, ikagoma, ikabaki skrini nyeusi na maandishi ya hali ya dharura. Mlangoni kuna binti katoka Soni alfajiri, anataka kuprinti fomu ya mkopo wa chuo, na mwisho ni siku hiyo hiyo.

Karibu saa nzima nilikuwa nalaumu umeme, nikajua diski imeungua. Kumbe wapi! Dogo tunayepokezana zamu alikuwa kaongeza mstari mmoja kwenye faili la /etc/fstab ili diski yake ya muziki ijiunge yenyewe, halafu jioni akaondoka nayo. Faili hilo ni orodha ya diski ambazo mfumo unaziunganisha ukiwaka. Ikikosekana moja, systemd inaisubiri, kisha inagoma kuendelea. Angeweka neno nofail kwenye mstari ule, mashine ingewaka bila diski yake.

Nikaweka alama ya reli (#) mbele ya mstari, nikawasha upya, ikakubali. Binti aliondoka na fomu yake saa tano kasoro.

Dogo sikumgombeza sana, maana mimi mwenyewe nimeshafanya mabaya zaidi. Kilichoniuma ni kwamba hakuna popote palipoandikwa nani kabadili nini na kwa nini. Na dawa ni rahisi: mafaili mengi ya /etc ni maandishi tu, na kwa mengi mstari unaoanza na # kompyuta inauruka. Basi mwandikie mwenzako hapo hapo:

# 12 Juni. Diski ya muziki. Huwa inachomolewa, usiondoe nofail.

Andika sababu, maana kilichobadilika kinaonekana chenyewe. Na andika Kiswahili! Jamaa wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitutolea Jambo OpenOffice ya Kiswahili tangu 2004, sasa sisi tunaogopa mstari mmoja?

Kabla ya kugusa, nakili: sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani. Ukitaka ya kisasa, weka etckeeper, programu aliyoianzisha Joey Hess mwaka 2007. Inaiweka /etc yote ndani ya git, na kila ukiweka programu mpya kwa apt inajihifadhi yenyewe. Ukibadili kwa mkono, andika sudo etckeeper commit na sababu yako. Ila msiipandishe kwenye mtandao wa wazi, jamani, humo ndani kuna /etc/shadow yenye nywila za watu, hata kama zimefichwa.

Dogo sasa ana daftari kaunta. Mstari wake wa kwanza: "Nimerudisha diski, nofail ipo."