Barua za Henry Irving
Sehemu ya Pili: Nani alishika kalamu?

Juma lililopita tulimwacha Henry Irving akishuka garini pale Hyde Park Corner, London, usiku wa tarehe 25 Novemba 1871. Watazamaji walikuwa wametoka kumshangilia kwa makofi katika tamthilia ya The Bells, na mkewe Florence akamuuliza njiani kama ataendelea kujifanya mjinga hivyo maisha yake yote. Hakurudi tena kuishi naye. Leo tunaingia ofisini kwake.

Nasema ofisini kwa sababu tangu 1878, alipochukua uendeshaji wa ukumbi wa Lyceum, Irving hakuwa mwigizaji tu. Katika zama za Malkia Victoria mkuu wa ukumbi wa namna ile alichagua tamthilia, akaajiri waigizaji, akaagiza mandhari na muziki, akalipa mishahara, kisha usiku akapanda jukwaani mwenyewe kucheza nafasi kuu. Yote hayo yaliendeshwa kwa barua. Mtunzi anauliza kama kazi yake imeshasomwa. Mchoraji anataka maelekezo. Fulani anaomba ajira, fulani anaomba tikiti za bure. Posta ya London ilisambaza barua mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo aliyeandika asubuhi aliweza kutegemea jibu kabla pazia halijafunguliwa.

Irving mwenyewe alikuwa na mwandiko wa kuwatoa watu jasho. Kazi ya kuandika barua akamwachia Bram Stoker, Mwairishi aliyeacha utumishi wa serikali Dublin mwaka huohuo wa 1878 ili awe meneja wake wa biashara. Katika kitabu cha kumbukumbu alichokitoa 1906, mwaka mmoja baada ya kifo cha bosi wake, Stoker alikadiria kwamba alimwandikia Irving barua zipatazo nusu milioni. Piga hesabu: kwa miaka 27 ni kama barua 50 kila siku, Jumapili zikiwemo, na siku za kuvuka Atlantiki kwa meli pia. Mimi nadhani alitia chumvi. Lakini hata ukigawanya kwa mbili, bado huyo ni mtu aliyelala na kuamka na kalamu mkononi. Wala si ajabu kwamba riwaya yake ya Dracula, iliyotoka 1897, imejengwa kwa barua, shajara na simu za maandishi tangu mwanzo hadi mwisho.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na L. F. Austin, katibu aliyesaidia kumtungia Irving barua na hotuba, na yeye na Stoker hawakupikika chungu kimoja. Kila mmoja alitaka yeye ndiye awe sauti ya mkubwa. Hapa ndipo msomaji wa leo anapaswa kuwa macho. Barua rasmi yenye sahihi ya Irving, yenye adabu, iliyopimwa kila neno, mara nyingi ni rasimu ya mtu mwingine. Ukitaka kumjua Irving, soma barua ambazo wengine waliandikiana juu yake.

Na hakuna zilizo tamu kuliko za Ellen Terry. Huyu ndiye aliyekuwa Portia wakati Irving alipocheza Shylock kuanzia Novemba 1879, kwa maonyesho 250 mfululizo. (Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, wanawafahamu wahusika hao.) Mwaka 1892 Terry alimwandikia mhariri wa gazeti la The World kuhusu mwimbaji mmoja kijana aliyetaka kumsaidia. Mhariri akaipitisha barua kwa mhakiki wake wa muziki, George Bernard Shaw, naye akajibu. Kuandikiana huko kulikatika, kukaanza upya 1895, na kwa miaka mitano kukawa moto.

Ajabu ni kwamba waliishi mji mmoja na hawakukutana. Walikubaliana bila kuandikiana mkataba kwamba karatasi inatosha. Shaw alimsimulia hata habari za mwanamke wa Kiairishi mwenye macho ya kijani, ambaye alimuoa 1898, na Terry akamshauri kama shoga anavyomshauri shoga yake.

Lakini mahaba ya karatasini yalichanganyika na kazi. Septemba 1896, Terry alipokuwa akijiandaa kucheza Imogen katika Cymbeline, Shaw alimpitisha mstari kwa mstari kwenye tukio ambapo Imogen anazinduka usingizini kando ya maiti isiyo na kichwa. Alitaka hadhira imwone akigundua kidogo kidogo, si kujua yote kwa mpigo. Terry hakumeza kila kitu. Alijibu, akabisha, akauliza. Nijuavyo mimi, ni nadra kumwona mwigizaji wa zama zile akiijenga nafasi yake mbele ya macho yetu namna hii.

Wakati huohuo Shaw alikuwa akimshambulia Irving kila alipopata nafasi kwenye gazeti la Saturday Review, huku akitaka Irving huyohuyo aiweke jukwaani tamthilia yake fupi, The Man of Destiny. Terry alikaa katikati, akimtetea kila mmoja kwa mwenzake. Desemba 1896 Shaw alihakiki Richard III ya Lyceum kwa maneno ambayo wasomaji wengi waliyachukua kuwa yanadokeza Irving alipanda jukwaani amelewa. Mwaka uliofuata The Man of Destiny ikarudishwa kwa mwenyewe, na Terry hakuwa na la kufanya.

Shaw na Terry walikutana hatimaye Desemba 1900, na kuanzia hapo barua zikapungua. Zilichapishwa 1931, miaka mitatu baada ya Terry kufariki. Gordon Craig, mwanawe, ambaye alianza uigizaji Lyceum na kumheshimu Irving kupita kiasi, alikasirika mno, na mwaka huohuo akatoa kitabu chake kumjibu Shaw. Wala hakukosea kabisa: katika barua zile Irving anasemwa kurasa nyingi, naye hana hata ukurasa mmoja wa kujitetea.

Juma lijalo: barua za ziara za Marekani, kuanzia ile ya kwanza ya 1883.