Bunduki Iliyokishinda Kiwanda

Askari huisifu bunduki ya Kalashnikov kwa uimara wake. Wachache wajua kwamba hapo mwanzo ilikishinda kiwanda. Jeshi la Umoja wa Kisovyeti lilipoikubali mwaka 1949, mwili wake ulifinyangwa kwa mtambo kutokana na bamba la chuma. Kulehemu reli za ndani kuliwasumbua mafundi. Miili mingi ikatoka na kasoro, ikakataliwa. Huko Izhevsk ikabidi kila mwili uchongwe katika pande zima la chuma: kazi ndefu, gharama kubwa, uzito begani. Mafundi hawakukata tamaa. Mwaka 1959 ikatoka AKM, ya bamba lenye unene wa milimita 1, nyepesi zaidi. Ndugu askari, silaha hubuniwa mezani, hukamilika kiwandani.