Kabla Kikundi Hakijanunua Mashine ya Kuchapa Tisheti



Siku hizi kila shughuli ina tisheti yake: sikukuu ya somo wa parokia, michezo ya shule, harusi, hata mazishi. Ndiyo maana vikundi vinatuuliza, "Tununue mashine gani?" Sisi twasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: nani atanunua, ataagiza ngapi, na kwa kitambaa gani?

Kuna kikundi cha akina mama tulichotembelea. Walichukua mkopo wakanunua mashine ya kukandamiza kwa joto pamoja na printa ya sablimesheni. Oda ya kwanza ilikuwa tisheti 60 za pamba za shule. Zilipofuliwa mara mbili tatu, picha ikapauka. Shule ikakataa kulipa, deni likabaki. Mashine haikuwa mbovu. Wino wa aina ile hushika poliesta, tena nyeupe au ya rangi hafifu. Aliyewauzia hakuwaambia, nao hawakuuliza.

Basi tuangalie njia nne.

1. Fremu ya wavu. Wavu hupakwa dawa inayoganda kwa mwanga, hata wa jua. Palipo na mchoro hubaki wazi, na wino husukumwa hapo kwa kipande cha mpira. Wino wa maji ukishakauka, pitisha pasi ya moto bila mvuke, ukifuata maagizo ya kopo. Kila rangi yataka fremu yake. Tuseme kutayarisha fremu moja ni shilingi 1,500. Ukichapa tisheti 10, kila moja imebeba shilingi 150. Ukichapa 100, kila moja imebeba 15 tu. Kwa hivyo njia hii ni ya oda kubwa yenye rangi chache. Kumbuka kwamba wino wa maji wa kawaida humezwa na kitambaa cheusi. Hapo tafuta wino mzito usiopitisha rangi ya chini.

2. Plastiki ya kukata. Herufi hukatwa na kubandikwa kwa joto. Inafaa majina na namba za jezi, hata kama ni jezi moja. Lakini kazi ya kubandua mabaki ni ndefu, na jezi za poliesta huungua joto likizidi.

3. Sablimesheni. Rangi huingia ndani ya uzi, haibanduki. Ni nzuri kwa jezi nyeupe za poliesta. Kwa pamba, usijaribu.

4. Picha ya filamu, yaani DTF. Picha huchapwa kwenye filamu, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hubandikwa kwa joto. Inashika pamba na poliesta, nyeupe na nyeusi, na rangi nyingi kwa mara moja. Ila printa yake ikikaa bila kazi, wino mweupe huganda ndani. Kikundi chenye oda chache ni afadhali kinunue filamu iliyochapwa mjini, kibandike nyumbani.

Wale akina mama hawakutupa kila kitu. Mashine ya joto sasa inabandika filamu na namba za jezi, na kwa oda za shule wanatumia fremu. Deni bado wanalilipa pole pole.

Ushauri wetu ni huu. Kabla ya kuahidi mteja, chapa moja, ifue mara tano kama mnavyofua nyumbani, uianike juani, halafu uitazame. Chukua malipo ya kwanza ya kutosha kununulia kitambaa na wino. Na kama stima kwenu hupotea mara kwa mara, anzeni na fremu. Kawia ufike. Pesa za kikundi ni jasho la wengi, na mashine iliyolala kwenye kona haimlishi mtoto wa mtu.